NYUMBA YA KUDUMU: UHAKIKI WA FASIRI MOJA KATIKA PWANI YA KENYA

Utangulizi

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yaliyoingia katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya, ni machache yaliyotwikwa kazi nzito kama neno "permanent". Mtu akimaliza kujenga nyumba ya mawe husemwa kuwa amejenga "pamanenti". Mwenye nyumba ya udongo iliyopigwa saruji na kuezekwa mabati husemwa kuwa ana "semi-pamanenti". Ama yule aliyebaki na kuta za udongo na paa la makuti, huyo hana jina katika mpangilio huu. Hutajwa kwa kile alichokikosa. Wafasiri nao, katika fomu na taarifa, wameligeuza neno hilo kuwa "-a kudumu", na hivyo "nyumba ya kudumu" imekaa katika lugha kama istilahi iliyokwisha kukubaliwa.

Makala haya yanakusudia kuihakiki fasiri hiyo. Hoja yake ni kwamba neno "kudumu" limetafsiriwa vizuri, lakini limewekwa mahali pasipo pake. Kiswahili hakikupata kuupima udumifu wa kitu kwa malighafi yake. Kimeupima kwa muda uliopita na kwa watu wanaokitunza kitu hicho. Fomu inapoandika kwamba nyumba ya udongo "si ya kudumu," haisemi habari ya udongo tu. Inasema pia habari ya watu waliomo ndani, na mara nyingi inasema uongo.

Mfano utakaotumika ni Dabaso, katika Kaunti ya Kilifi, kwenye barabara itokayo Mombasa kwenda Malindi. Upande mmoja wa sehemu hiyo iko hori ya Mida na mikoko yake. Upande wa bara uko msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Na karibu yapo magofu ya mji wa Gede. Kwa mwendo mfupi wa miguu mtu aweza kuona mji wa mawe usio na mkazi hata mmoja, nyumba za udongo zenye watu wa vizazi kadhaa na, akifika Watamu, nyumba za saruji zinazofunguliwa kwa msimu tu. Ni vigumu kupata mahali pengine panapofaa zaidi kuulizia maana ya kudumu.

Asili ya neno la Kiingereza

Inafaa kuanza na Kiingereza chenyewe. Neno "permanent" limetoka katika Kilatini, kwenye kitenzi "manere", yaani kukaa au kubaki, kikitanguliwa na kiambishi chenye maana ya kupita hadi mwisho. Kitenzi hicho hicho ndicho kilichozaa "maison", neno la Kifaransa la nyumba, na "mansion" la Kiingereza. Kwa hiyo, katika asili yake, nyumba ni mahali ambapo mtu hubaki, na cha kudumu ni kile kinachobaki mpaka mwisho. Mawe hayamo katika maana hiyo wala saruji haimo. Mwenye kubaki ndiye aliyetangulia. Jengo limepewa jina kwa ajili yake.

Maana ya malighafi ilikuja baadaye, kwa njia ya utawala. Serikali ya kikoloni ilipotaka kuainisha majengo ya mijini, kwa ajili ya afya, kodi na hatari ya moto, ilihitaji mgawanyo ambao ofisa angeweza kuufanya akiwa amesimama nje ya nyumba. Hakuweza kuona muda ambao watu wamekaa hapo, wala haki waliyo nayo juu ya kiwanja. Aliweza kuona ukuta. Basi ukuta ukawa ndio kipimo, na neno lililokuwa la wakati likageuzwa kuwa la vitu. Sheria ndogo za ujenzi zilizorithiwa baada ya uhuru, zikiwamo zile za mwaka 1968, ziliendelea kuainisha majengo kwa madaraja.

Kudumu katika Kiswahili

Kitenzi "dumu" kimetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa "daima". Kiswahili kinacho pia "abadi", "milele", "baki", "thabiti" na "imara", na kila neno lina zamu yake. Thabiti ni kisichotikisika. Imara ni chenye nguvu ya kuhimili. Kitu chaweza kuwa imara leo na kuvunjwa kesho, na chaweza kuwa dhaifu kikadumu kwa sababu kimetunzwa. Jirani zao Waswahili, yaani wasemaji wa Kidigo na lugha nyingine za Kimijikenda, wana "kare na kare" kwa maana ya milele. "Kare" hiyo ndiyo "kale" ya Kiswahili. Hapa wakati ujao umepewa jina la wakati uliopita: kitakachokuwapo siku zote ni kile kilichokwisha kuthibitika tangu kale. Hiki ni kipimo kilicho kinyume kabisa na kile cha ofisa aliyesimama nje ya nyumba mpya.

Muundo wa "-a kudumu" wenyewe unastahili kuangaliwa kwa makini. Kiunganishi -a kikifuatwa na kitenzi-jina, mara nyingi huonyesha kusudio. Maji ya kunywa hayajanywewa. Nguo ya kuvaa imo sandukuni. Nyumba ya kupanga yaweza kuwa tupu. Vivyo hivyo, nyumba ya kudumu ni nyumba iliyokusudiwa idumu. Kama imedumu au la, hilo halimo katika usemi huo. Anayetaka kulisema atasema "nyumba iliyodumu", na anayetaka kusema habari ya sasa atasema "nyumba inayodumu". Kivumishi cha Kiingereza hufunika tofauti hizi tatu kwa neno moja. Kiswahili huzifunua, maana njeo na kirejeshi haviwezi kufichwa. Kwa hiyo mfasiri aliyeandika "ya kudumu" aliandika tumaini la mjenzi, naye msomaji wa fomu akalisoma kama sifa ya nyumba.

Jambo la pili ni mnyambuliko. Kutokana na "dumu" tunapata "dumisha" na "dumishwa", na mara tu mtu asemapo kwamba kitu kinadumishwa, swali linafuata: na nani? Kiswahili hudai mtenda. Paa la makuti hudumishwa na yule anayeliezeka upya linapochakaa. Ukuta wa udongo hudumishwa na mikono inayoukandika kila baada ya mvua kubwa. Hata ukuta wa mawe una haja hiyo, na methali isemayo kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta haikutungwa kwa ajili ya nyumba za udongo peke yake. Kinyume chake, neno "permanent" kama linavyotumika katika ujenzi lina ahadi ya siri kwamba mtenda hatahitajiwa tena baada ya siku ya kuhamia.

Yafaa kuongeza tahadhari ndogo ya kimsamiati. Mfasiri anayetafuta nomino dhahania huweza kushawishika kuunda "udumavu". Neno hilo lina wenyewe. Ni nomino ya "dumaa", yaani kushindwa kukua, na wataalamu wa lishe hulitumia kwa watoto waliopungukiwa na chakula. Anayeusifu "udumavu wa makazi" atakuwa amesema jambo ambalo hakulikusudia.

Ushahidi wa Gede

Magofu ya Gede yalitangazwa kuwa kumbukumbu ya kihistoria mwaka 1927, na James Kirkman alianza kuyachimba mwaka 1948. Mwaka 2024 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Uko msikiti mkubwa, liko jumba la mtawala, viko visima, makaburi ya nguzo na kuta za mji. Kaburi mojawapo lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na mwaka 1399. Kwa kipimo cha malighafi, Gede ni mji wa kudumu kuliko yote ya sehemu ile: matumbawe, chokaa na lipu yake vimesimama kwa zaidi ya miaka mia sita. Lakini katika karne ya 17 mji ulikwisha kuhamwa. Wachimbaji walipotaka kuzipa nyumba majina hawakuwa na mwenyeji wa kumwuliza, wakaziita kwa vitu walivyoviokota ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Fedha za Kichina. Nyumba iliyodumu ikasahau jina la mwenyewe.

Liko pia jambo la kiufundi ambalo wasifuji wa mawe hulipita haraka. Nyumba ya mawe ya Mswahili haikuwa ya mawe peke yake. Dari na sakafu ya juu vilichukuliwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliofunga upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya Gede, kama vile vya Lamu, ni virefu na vyembamba. Watu walipoondoka hakuna aliyebadilisha boriti, nazo zikaoza, na paa zote zikaanguka. Tena, si kila mkazi wa miji ile ya kale aliishi katika mawe. Palikuwapo pia nyumba za udongo na makuti, na hizo hazikuacha magofu ya kutazamwa na watalii. Hivyo ukuta wa Gede ni ushahidi wa uimara. Si ushahidi wa kudumu kwa makazi, kwani makazi ndiyo yaliyokoma.

Kaya na vigango

Upande wa pili wa ushahidi wapo Wagiriama na ndugu zao Wamijikenda. Kaya zao zilikuwa makazi yaliyozungukwa na msitu, na watu wengi walikwisha kutoka humo kwenda mashambani tangu karne ya 19. Mwaka 1914, wakati wa upinzani unaohusishwa na Mekatilili wa Menza, Waingereza waliilipua kaya kuu ya Wagiriama, Kaya Fungo, kwa baruti. Kama kudumu kungekuwa ni majengo, kaya zingekuwa zimekwisha siku hiyo. Hazikwisha. Wazee waliendelea kuzitunza, miiko ya msitu iliendelea kushikwa, na mwaka 2008 UNESCO iliiingiza misitu mitakatifu ya kaya katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kinacholindwa pale hasa ni mahali na desturi, wala si nyumba.

Kigango kinaeleza jambo lilo hilo kwa njia iliyo wazi zaidi. Ni nguzo ya mti iliyochongwa na kusimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa chama cha Gohu. Mti huo huachwa juani na mvuani uoze polepole, na aliyekiweka anajua kuwa utaoza. Mwiko mkubwa ni kukihamisha. Vigango vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo, na baadhi vikawekwa katika majumba ya makumbusho ya Marekani, mahali pasipo mchwa wala mvua. Kwa kipimo cha malighafi huko ndiko vilikopata kudumu. Kwa Wagiriama huko ndiko vilikokatiliwa. Jumba la makumbusho la Denver lilikubali mwaka 2014 kuviachia vigango 30, navyo vilifika Kenya mwaka 2019. Mti unaooza mahali pake umedumu. Mti mzima ulioondolewa mahali pake haukudumu. Anayeona kitendawili hapa anaona kitendawili cha neno la Kiingereza, kwa maana katika fikra ya wenyewe jambo hili ni wazi.

Mti, ardhi na ukuta

Lau kuwa suala hili lingekuwa la msamiati tu, lingetosha kuachwa hapa. Lakini lina historia ya ardhi nyuma yake. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa mwambao kuleta madai yao, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao haikushikwa kwa hati ya mtu mmoja mmoja, walijikuta wageni katika mashamba waliyoyalima. Wakaitwa maskwota, na jina hilo halijawatoka mpaka leo katika sehemu nyingi za Kilifi.

Sasa yatazamwe masharti ya ukaaji huo. Katika mwambao, kama ilivyokuwa Unguja na Pemba, mwenye shamba aliweza kumruhusu mkaaji apande muhogo na mahindi, lakini akamkataza kupanda minazi au miti mingine ya miaka mingi. Sababu ilijulikana na pande zote mbili: mti una mwenyewe, hata ukisimama katika ardhi ya mwingine, na mwenye mti ana neno la kusema kuhusu mahali uliposimama. Nyumba ya mawe ilikuwa na hatari hiyo hiyo kwa mwenye ardhi. Mkaaji naye, asiyejua kama ataamka mwakani akiwa hapo, hakuwa na sababu ya kuzika akiba yake katika mawe ya watu. Mombasa ilizoea nyumba zilizojengwa juu ya ardhi ya kukodi, ambapo mtu anamiliki kuta lakini hamiliki mchanga ulio chini yake.

Kwa hiyo watu walijenga kwa udongo, kwa sehemu, kwa sababu walinyimwa haki ya kukaa daima. Halafu ofisa wa kuhesabu mali anafika, anauona udongo, anaandika "si ya kudumu," na maandishi hayo yanakuwa ni dalili kwamba waliomo ni wapita njia. Matokeo yamefanywa kuwa sababu. Familia iliyokaa Dabaso kwa vizazi vitatu, ikaezeka paa lake upya mara nyingi na kuzika wafu wake uani, inasomeka katika karatasi kuwa haikudumu. Jirani aliyemaliza kujenga nyumba ya saruji mwaka jana, na anayeifungua mwezi mmoja kwa mwaka, anasomeka kuwa amedumu. Uongo huu haukutungwa na mtu yeyote kwa makusudi. Umetungwa na neno, na fidia au hati zinapogawanywa kwa kufuata karatasi, neno hilo lina bei.

Hoja za upande wa pili

Zipo hoja tatu zinazoweza kuletwa dhidi ya uhakiki huu. Ya kwanza ni kwamba maneno ni mazoea, na mazoea yamekwisha kukubali. Hoja hii ina nguvu kwa "pamanenti" ya mitaani, ambayo haina madhara makubwa. Msemaji na msikilizaji wanajua kuwa wanasema habari ya mawe. Haina nguvu kwa fomu ya serikali, ambayo husomwa na mtu asiyeifahamu nyumba yenyewe.

Ya pili ni kwamba mjenzi na mhandisi wanahitaji neno la kutaja uwezo wa jengo kuhimili miaka. Ni kweli, na neno hilo lipo: imara. Mhandisi hupima uimara. Hana chombo cha kupimia kudumu.

Ya tatu ni nzito zaidi: kwamba mkosoaji wa namna hii huwasifia maskini udongo wao. Wakazi wa Dabaso wenyewe wanazitamani nyumba za mawe, kwa kuwa paa la makuti huvuja, huwaka moto na hudai gharama kila baada ya miaka michache. Haja hiyo ni halali kabisa, na hakuna neno katika makala haya linaloipinga. Lakini anayetamani nyumba ya mawe aiombe kwa jina lake. Tena, aliye na hati ya ardhi huijenga bila ya kushauriwa na mtu. Ndiyo maana haki ya kukaa hutangulia na mawe hufuata. Neno "nyumba ya kudumu" hulificha jambo hili kwa kufanya ionekane kwamba mawe ndiyo yanayoleta haki.

Mapendekezo

Tajiriba ya istilahi nyingine inaonyesha kuwa marekebisho yanawezekana. Kenya ilikuwa na cheo cha Katibu wa Kudumu, fasiri ya neno kwa neno, ambayo haikumweleza mwananchi kazi ya mtu huyo. Tanzania ilichagua Katibu Mkuu, ikafasiri kazi badala ya kufasiri neno. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilipokibadili cheo chenyewe, Kiswahili kikapata Katibu wa Wizara, na hakuna aliyelililia lile la zamani. Kadhalika, "endelevu" ilipoundwa kutokana na "endelea", iliipunguzia "-a kudumu" mzigo ambao haikuuweza katika mijadala ya misitu na uvuvi.

Kwa majengo, basi, itumike lugha ya vitu: nyumba ya mawe, nyumba ya udongo, nyumba ya udongo iliyopigwa saruji, paa la makuti, paa la mabati. Maneno haya ni mafupi, yanaeleweka, na hayahukumu mtu. Pale inapotakiwa kutaja nguvu ya jengo, lisemwe kuwa imara au si imara. Neno "-a kudumu" lirudishwe kwenye makazi na haki: makazi ya kudumu, haki ya kudumu. Kigezo chake kiwe muda ambao watu wamekaa na wajibu waliouchukua juu ya mahali hapo, mambo ambayo majirani na wazee wa mtaa wanaweza kuyashuhudia.

Pendekezo hili halihitaji neno jipya hata moja. Lugha ya sensa, kwa mfano, tayari huhesabu "kaya", na kwa neno hilo humaanisha watu wanaoishi na kula pamoja, bila ya kuuliza kwanza wamejengewa nini. Mfasiri wa fomu anaweza kuanzia hapo: ahesabu kaya kwa miaka yake, halafu aandike ukuta kwa malighafi yake, katika safu mbili zisizochanganywa.